Nyumba ya Voi: Unanunua Kuta, Ardhi au Vyote Viwili?

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017 na barabara ya Taveta kutiwa lami, nyumba za Voi zinaulizwa sana. Mfanyabiashara wa Mata na mstaafu wa Mombasa wanataka kitu kimoja: nyumba ambayo mtu anatoka kwa miguu kwenda sokoni, msikitini na Hospitali ya Moi bila kulipa bodaboda. Ukiambiwa iko "karibu na stesheni", uliza ni stesheni ipi. Ya zamani imo mjini, lakini ya SGR iko mbali na soko.

Swali kubwa zaidi ni lile la kichwa cha makala haya. Sisi watu wa Pwani tunalijua. Majengo na Kisauni kuna nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Voi nako kuna mtaa wenye mpango wake wa namna hiyo, ila wenyeji wenyewe ndio waliouchagua.

Mtaa huo ni Tanzania-Bondeni. Ulikua bila hati, sehemu yake ikiwa kwenye ardhi ya reli na sehemu kwenye ardhi ya kampuni ya mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingizwa katika mradi wa kuendeleza miji midogo, uliosimamiwa na Wizara ya Serikali za Mitaa kwa msaada wa GTZ ya Ujerumani. Wenyeji waliulizwa kama wanataka kila mtu hati yake au ardhi imilikiwe kwa pamoja. Wakachagua pamoja, kupitia dhamana ya jamii. Sababu yao ilikuwa wazi: walishaona penginepo maskini akipewa ploti leo, kesho ameshauza kwa tajiri na kurudi kwenye kibanda kingine. Chini ya mpango huo mwanachama ana haki ya kukaa, kujenga na kurithisha, lakini udongo hauuzi. Akihama, anachouza ni jengo lake, tena kwa kufuata kanuni za chama cha wakaazi.

Kwa hivyo mtu akikuonyesha nyumba ya Bondeni na karatasi ya makubaliano iliyogongwa mhuri wa chifu, usitoe pesa. Nenda kwanza kwa viongozi wa chama, uulize kama muuzaji ni mwanachama na kama wewe unaruhusiwa kununua. Binafsi naona kanuni hizo zimewakinga wengi, japo kwa mnunuzi wa nje ni kikwazo.

Kwenye ploti zenye hati, fanya sachi katika ofisi ya ardhi mwenyewe au kupitia wakili wako, si wa muuzaji. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Kama ni nyumba ya ndoa, idhini ya mke au mume inahitajika. Shamba lililokatwa viwanja nje ya mipaka ya mji ni jambo jingine, kwani hilo linahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

Penye utata mwingi zaidi ni nyumba za marehemu. Kaka mkubwa anauza, dada zake wako Mombasa hawana habari. Kwa Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa, na kwa sheria ya Kiislamu dada hao wana mafungu yao. Omba kuona hati ya mirathi kutoka kwa Kadhi au mahakama nyingine, uhesabu majina ya warithi, kisha uwapigie simu.

Mwisho, bei si yote. Ndani ya manispaa ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani. Nyumba ya milioni 3 itadai Sh120,000 zaidi, na hizo hulipwa na mnunuzi.