Matanuru ya Ufipa na Mashindano ya Ubunifu ya Mtandaoni

Kurasa hizi zimezoea habari za UMISSETA, za mabweni, na za walimu waliotufunza. Safari hii naomba ruhusa nizungumzie mashindano ambayo hayana kiwanja wala kipenga, yaani mashindano ya ubunifu wa sayansi na teknolojia ambamo mwanafunzi hujiandikisha, hupeleka kazi yake na hupimwa kwa njia ya intaneti. Nayazungumzia kwa jicho la historia, kwa sababu naona vijana wa Ufipa wanayaingia kana kwamba wametoka mahali ambapo hapakubuniwa kitu. Jambo hilo si kweli, na linawagharimu.

Kwanza tuone mashindano yenyewe yalikotoka. Huko Ireland, mwaka 1965, wanafizikia wawili waliokwisha kuona maonyesho ya sayansi ya wanafunzi Marekani walianzisha ya kwao mjini Dublin. Maonyesho hayo yangaliko, na ndiyo yaliyokuwa mfano wa Young Scientists Tanzania, mpango ulioasisiwa hapa nchini mwaka 2011 na Dk. Gozbert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry. Maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Serikali nayo ilianza Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU, mjini Dodoma mwaka 2019, yenye kundi la shule za sekondari pamoja na makundi mengine.

Hayo yote yalimtaka mshindani hatimaye asafiri na kusimama mbele ya waamuzi. Yale ya mtandaoni yalibadili utaratibu huo. Kampuni ya Google iliendesha kuanzia mwaka 2011 shindano la sayansi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 wa dunia nzima. Sasa halifanyiki tena, lakini mwaka 2012 vijana wawili wa Swaziland, nchi iitwayo sasa Eswatini, walipata humo tuzo ya dola 50,000 kwa njia rahisi ya kuotesha mboga bila udongo wa shamba, njia ambayo mkulima mdogo wa kwao angeweza kuimudu. Halafu liko Technovation, lililoanza mwaka 2010 kwa ajili ya wasichana. Timu huandaa programu ya simu au ya kompyuta, hurekodi video ya kuieleza, huipeleka mtandaoni, na waamuzi wa kujitolea walioko nchi mbalimbali huipima. Sisi ni shule ya wavulana, kwa hiyo hatuna nafasi humo, lakini wengi wetu tuna mabinti. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu, Kenya, waliojiita The Restorers, walifika fainali kule California kwa programu yao i-Cut, ya kumsaidia msichana anayetishiwa kukeketwa au aliyekwisha kukeketwa. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofikia hatua ya mwisho ya kuwania Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Tazameni vijana hao walianzia wapi. Wa Swaziland walianza na mkulima maskini waliyemjua. Wa Kisumu walianza na masaibu ya wasichana wenzao.

Sasa tugeukie kwetu. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa katika miaka ya tisini. (Nimewahi kusema kwa mzaha kwamba mkoa wetu na marufuku hiyo ni pacha.) Sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari ilitoka mwaka 2003, na mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo rika langu tuliisafiri katika tope na vumbi, ilijengwa kwa lami kwa fedha za mpango wa Milenia wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umenunuliwa kutoka Zambia, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa mbali nasi. Mambo haya yote yaliamua nani angesikia habari za mashindano na nani asingesikia. Kijana wa leo mwenye simu ya mwalimu na kifurushi cha shilingi chache amesogea karibu na waamuzi kuliko mhitimu yeyote wa miaka ya nyuma, na hilo ni jema kabisa.

Hata hivyo umbali wa pili umebaki. Mimi ni mtumishi wa umma, na mara kwa mara walimu huniomba nipitie maandishi ya wanafunzi kabla hayajatumwa. Fomu za mashindano haya, hata zikitofautiana, huuliza mambo yale yale: ni tatizo gani la jamii yako, linamgusa nani, ulichobuni ni nini, kipya ndani yake ni kipi. Na majibu nayo hufanana mno. Nimesoma habari za pipa la taka linalojifunua lenyewe mtu akilikaribia. Nimesoma habari za mtambo wa kumwagilia bustani kwa amri ya simu, zaidi ya mara moja. Si vibaya kujifunza nyaya kwa kuiga kilichoonekana kwenye video. Lakini sijui ni mzee gani wa Laela au Matai anayelala macho kwa ajili ya pipa lisilojifunua, na mwamuzi aliyeko mbali huliona hilo upesi kwa kuwa pipa hilo hilo ameletewa na shule za miji kumi.

Nisemapo kwamba kwetu kulibuniwa vitu, nina maana ya chuma kwanza.

Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Moja huitwa ilungu. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 3, zaidi ya kimo cha mtu. Aghalabu lilijengwa karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa ni mzuri kwa kazi hiyo. Chini, kuzunguka kitako, yaliachwa matundu yaliyotiwa mirija ya udongo wa kuchoma. Ndani walipanga kuni, makaa na mawe yenye chuma, wakawasha, na tanuru likawaka kwa siku kadhaa. Hapakuwa na mtu wa kuvuta mvukuto. Vijana wa Fizikia mtaona mara moja ni kwa nini: hewa iliyopata moto ilipanda na kutokea juu, na hewa baridi ikaingia yenyewe kupitia mirija ya chini kujaza nafasi. Kadiri tanuru lilivyokuwa refu ndivyo mvuto ulivyozidi. Vijana wa Kemia nao watajua kwamba hesabu yake ni nyembamba, maana hewa ikipungua moto haufiki, na ikizidi chuma hakiachani na oksijeni yake. Idadi ya matundu, upana wa mirija, kipimo cha makaa, yote ilibidi yapatane.

Na kazi haikuishia hapo. Bonge lililotoka lilikuwa limechanganyika na mavi ya chuma. Likapelekwa kwenye tanuru dogo, na hapo ndipo mvukuto ulipotumika, likasafishwa. Hatua ya tatu ilikuwa ya mhunzi, aliyefua jembe, shoka au mkuki. Kila hatua ilikuwa na mafundi wake na miiko yake. Tanuru jipya lilihesabiwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walikaa kambini mbali na wake zao hadi kazi iishe. Najua vijana mtacheka. Lakini watu wasio na daftari walihitaji namna ya kushika utaratibu wa kazi ndefu bila kuruka hatua, na mimi naona miiko ilisaidia kufanya kazi hiyo.

Habari hizi si hadithi za jioni. Padre Wyckaert, mmisionari wa White Fathers, aliziandika mwaka 1914 katika jarida la Anthropos; R. C. H. Greig aliandika juu ya uyeyushaji wa Ufipa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Na mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda aliichunguza kwa kina teknolojia ya chuma ya kusini-magharibi ya Tanzania katika tasnifu yake ya mwaka 1995. Mapunda alieleza pia matanuru ya namna nyingine, mafupi, yaitwayo katukutu, ya kale kuliko malungu. Jambo hilo lina uzito. Maana yake ni kwamba katika nchi hii hii mafundi hawakurithi njia moja tangu mwanzo wa dunia. Njia zilibadilika, zikajaribiwa, nyingine zikaachwa. Majina ya waliozibadili hatunayo hata moja. Majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalipoenea, kazi ilififia, na wenye ujuzi wakafa nao.

Kilimo nacho kina ushahidi wake. Matuta ya mviringo ya Ufipa, intumba, ambayo mgeni huyaona akadhani ni mazoea tu, ni utaratibu wa kuzika nyasi zioze zirutubishe udongo wa uwanda usio na miti ya kutosha, kisha msimu unaofuata tuta husambazwa na ulezi hupandwa.

Liko pingamizi ambalo msomaji mwaminifu atalitoa: shindano linataka kitu kipya chenye jina la mwenyewe, na mambo ya mababu ni ya wote. Pingamizi hilo ni la haki. Mimi sisemi kijana apeleke ilungu Dodoma aseme amelibuni. Nasema ajifunze humo kuuliza. Jiko la shule yetu linakula kuni kama lilivyokula enzi zetu. Je, bomba refu zaidi na matundu ya hewa yaliyopimwa vitapunguza mzigo kwa kiasi gani? Mahindi, ambayo mkoa wetu unayalima kwa wingi kuliko mikoa mingi nchini, huharibika ghalani kwa unyevu na kwa dumuzi. Je, mvuto ule ule wa hewa unaweza kuyakausha bila mafuta wala umeme? Hayo yanapimika kwa mzani, kipimajoto na daftari, na majibu yake hayapo kwenye video ya mtu.

Mfano wa kuuliza namna hiyo tunao katika historia ya nchi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto katika jokofu akitengeneza aisikrimu, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena mbele ya mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akalijaribu, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapwa katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hata leo, na linaitwa kwa jina la Mpemba. Hakuwa na maabara ya ajabu. Alikuwa na jokofu la shule na ukaidi wa kutosha.

Katika mkutano wetu ujao liko pendekezo mezani la kuchanga kompyuta kwa ajili ya klabu ya sayansi. Naliunga mkono, na naomba liongezwe jambo moja. Watafiti waliopita Nkasi katika miaka ya tisini waliyakuta malungu yakiwa bado yamesimama porini, mengine yakiwa yamebomoka nusu kwa mvua na mizizi ya miti. Tuwapeleke Kidato cha Tatu wakayaone yaliyobaki, wakiwa na futi kamba, wapime urefu, kipenyo cha kitako na idadi ya matundu, na wawasikilize wazee wa vijiji vya jirani. Wakati mzuri ni Julai, nyasi zikiwa zimekauka na njia zinapitika. Mafuta ya gari nitachangia mimi. Anayejua vijiji vyenyewe ajitokeze kuwa kiongozi wa njia.