Panya, Shimo na Wazee Wasio na Wajukuu: Historia ya Tuatara wa Nyuzilandi

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Katika visiwa vya Nyuzilandi panya hawakuwa na haja ya kuchimba. Waliyakuta mashimo yamekwisha chimbwa, na karibu yake mayai yamefukiwa. Makala haya yanaeleza yaliyompata mwenye mashimo hayo, mnyama aitwaye tuatara, tangu mamalia walipoingia katika nchi ambayo kwa mamilioni ya miaka haikuwazoea.

Kwanza tumjue mwenyewe. Ukimwona mara ya kwanza utasema ni mjusi mkubwa, au kenge mfupi. Dume aliyekomaa huweza kufikia sentimita 60 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Mgongoni ana safu ya miiba laini, nayo ndiyo iliyompa jina, kwani kwa Kimaori tuatara maana yake ni vilele vya mgongoni. Lakini si mjusi. Mwaka 1831 John Edward Gray wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, alieleza fuvu la mnyama huyu akalitia katika kundi la mijusi. Mwaka 1867 Albert Günther, wa jumba hilohilo, alichunguza mifupa yake kwa makini akaona kwamba huyu ni wa ukoo mwingine kabisa. Ukoo huo uliachana na ule wa mijusi na nyoka miaka ipatayo milioni 250 iliyopita. Jamaa zake wote wametoweka, na tunawajua kwa mifupa iliyogeuka mawe. Amebaki yeye peke yake.

Tuatara huishi shimoni. Pengine huchimba mwenyewe, pengine huhamia katika mashimo ya ndege wa baharini wanaotaga chini ya ardhi. Si mpangaji mwema, kwa sababu akipata nafasi hula mayai na makinda ya mwenye nyumba. Chakula chake cha kila siku ni wadudu, ambao huwatafuta usiku. Mambo yake yote ni ya polepole. Huchukua miaka 10 hadi 20 kabla ya kuweza kuzaa. Jike hutaga mara moja tu kila baada ya miaka 2 hadi 5, akafukia mayai yake machache udongoni, na mayai hayo hukaa karibu mwaka mzima au zaidi ndipo yaanguliwe. Kwa upande mwingine, anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Ni kama mtu anayeweka akiba ya senti moja kwa mwezi. Atafika, mradi asitokee mwizi.

Wezi hawakuwapo. Nyuzilandi ilikuwa na popo, na ufukweni walikuwapo sili, lakini mamalia wa kutembea nchi kavu hapakuwa na mmoja. Adui mkubwa wa tuatara alikuwa ndege, na ndege huwinda hasa kwa macho. Anayewindwa kwa macho hujifunza kutulia kimya, kufanana na jiwe, na kuingia shimoni mapema. Mbinu hizo hazimsaidii kitu mbele ya mamalia, ambaye huongozwa na pua. Kwake yeye mnyama aliyetulia ni mnyama anayenukia mahali pamoja. Na panya ana sifa moja zaidi, kwamba mwili wake unapenya shimoni. Palipokuwa ngome pakawa ghala la chakula.

Panya wa kwanza alikuja kwa mtumbwi. Mababu wa Wamaori walivuka Bahari ya Pasifiki wakaingia Nyuzilandi miaka ya 1280 hivi, wakiwa na mbwa na panya mdogo waliyemwita kiore. Tarehe hiyo imethibitishwa, pamoja na mambo mengine, na mbegu za kale zilizokutwa na alama za meno ya panya, ambazo umri wake ulipimwa na kutangazwa mwaka 2008. Sisi ambao asili yetu ni mwambao hatuwezi kushangaa kwamba chombo kilibeba panya, kwa maana Bahari ya Hindi nayo ilisafirisha panya wake pamoja na nafaka na nguo. Tofauti ni kwamba kiore hakuwa mdandiaji tu. Wamaori walimla, na alikuwa na heshima yake katika mila zao.

Baada ya safari ya James Cook ya mwaka 1769 meli za Ulaya zilileta panya wakubwa zaidi, pamoja na paka na nguruwe. Walowezi wakaleta sungura. Sungura walipozidi na kumaliza malisho ya kondoo, katika miaka ya 1880 serikali na wafugaji wakaagiza wanyama wa jamii ya kicheche kutoka Ulaya ili wawale. Vicheche hao waliwala sungura kiasi, kisha wakageukia ndege na wanyama wa nchi ambao hawakujua kuwakimbia. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni alipokuja mwenyeji hakupona. Katika visiwa viwili vikuu tuatara alitoweka. Alibaki katika visiwa vidogo vipatavyo 30 kandokando ya pwani, ambako panya walikuwa hawajafika, au walikuwa wamefika lakini kazi yao haijaisha.

Serikali ilimlinda kwa sheria mwaka 1895. Sheria hiyo ilikuwa na maana yake, kwa kuwa majumba ya makumbusho na wakusanyaji wa Ulaya walikuwa wakimtafuta sana. Lakini ilimzuia binadamu tu. Wakati huohuo, katika kisiwa cha Takapourewa, ambacho Waingereza walikiita Stephens, mnara wa taa ya kuongozea meli ulikuwa umewashwa mwaka 1894, na wakazi wapya wakawa na paka. Ndege mdogo asiyeruka aliyekuwa akiishi kisiwani humo alitoweka katika muda wa miaka michache tu. Paka waliendelea kuzaliana porini hadi walipomalizwa mwaka 1925. Tuatara wa Takapourewa waliokoka, na leo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 30,000 katika eneo la hekta 150 tu. Paka walikuwako, kondoo walikuwako, msitu ulikatwa. Kitu kimoja hakikuwako: panya hawakuwahi kukaa kisiwani humo.

Katika visiwa vingine hali ilikuwa tofauti, na kwa miaka mingi watu hawakuitambua. Sababu ni rahisi. Mtu aliyefika kisiwani usiku akiwa na taa aliwaona tuatara, wakubwa na wenye afya, wameketi milangoni mwa mashimo yao. Alirudi akaandika kwamba wapo. Mwaka 1967 nchi ilipoanza kutumia sarafu mpya, picha ya tuatara ilitiwa kwenye senti 5, na ikakaa hapo mpaka sarafu hiyo ilipoondolewa mwaka 2006. Nani angedhani kwamba mnyama wa kwenye sarafu anaisha?

Mtafiti Ian Crook alilitazama jambo hili kwa njia nyingine. Katika matokeo aliyoyatoa mwaka 1973 alilinganisha visiwa vyenye kiore na visiwa visivyo nao. Hakuishia kuuliza tuatara ni wangapi. Alitazama pia ukubwa wao. Pasipo na panya aliwakuta wa kila umri. Penye panya aliwakuta wakubwa, lakini wadogo walikuwa haba mno au hawakuonekana kabisa. Kiore ni mdogo, na si rahisi amuue tuatara mzima mwenye taya zenye nguvu. Anachokiweza ni yai na mtoto aliyeanguliwa juzi, na zaidi ya hayo hugombania wadudu walewale wanaoliwa na tuatara. Kwa hiyo hapakuwa na mizoga wala damu. Palikuwa na wazee tu, mwaka baada ya mwaka, wanataga na kufukia, na hakuna anayetoka. Kwa kuwa mzee mmoja anaweza kuishi karne nzima, kisiwa kinaweza kufa kwa muda mrefu kuliko maisha ya mtafiti anayekichunguza, na kila atakayekwenda ataandika kwamba tuatara wapo.

Wapo waliouliza, na swali lao lilikuwa la haki: kama kiore ndiye mwuaji, mbona katika visiwa kadhaa ameishi na tuatara kwa muda mrefu bila kummaliza? Njia ya kupata jibu ilikuwa moja, kumwondoa panya na kutazama. Hilo liliwezekana kuanzia miaka ya 1980, sumu mpya na mbinu za kuisambaza kisiwa kizima zilipopatikana. Kati ya 1991 na 1993 panya waliondolewa katika visiwa vya Stanley, Red Mercury na Cuvier. Kabla ya sumu kumwagwa, tuatara wachache waliopatikana walikamatwa wakahifadhiwa, mayai yao yakaanguliwa katika mashine kwenye Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, na watoto wakalelewa hadi wakawa wakubwa kiasi cha kurudishwa. Majike waliodhaniwa kuwa wamezeeka mno walikuwa bado wakitaga. Uzazi haukuwa umekatika. Kilichokosekana ni mahali ambapo yai lingeweza kukaa mwaka mzima bila kuliwa.

Kisiwa kilicholeta mjadala mkubwa ni Hauturu, ambacho kwa Kiingereza huitwa Little Barrier. Kina hekta 3,000 hivi, na tuatara walidhaniwa wamekwisha humo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipopatikana wachache. Mpango wa kuwaua kiore wote wa Hauturu ulipotangazwa, watu wa kabila la Ngātiwai walipinga. Hoja yao haikuwa kwamba tuatara hana thamani. Walisema kiore naye alikuja na mababu zao katika mtumbwi mmoja, kwa hiyo ni urithi, na si haki wageni wa juzi waamue peke yao nani mwenyeji na nani mharibifu. Ni hoja nzito, hasa ukikumbuka kwamba walioleta paka, sungura na vicheche hawakuwa Ngātiwai. Mwishowe kiore wa Hauturu waliondolewa mwaka 2004, na tuatara waliolelewa wakaanza kuachiliwa kisiwani miaka miwili baadaye. Lakini hoja ya Ngātiwai haikupotea bure, kwani kiore wamehifadhiwa katika visiwa vidogo vilivyo chini ya uangalizi wao, mahali ambapo hawamdhuru tuatara. Na mwaka 2020, ramani kamili ya jeni za tuatara ilipochapishwa katika jarida la Nature, Ngātiwai walikuwa washirika wa kazi hiyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumrudisha tuatara bara. Katika bonde la Karori, jijini Wellington, uzio wenye urefu wa kilomita zaidi ya 8 ulikamilishwa mwaka 1999 kuzunguka hekta 225 za msitu. Umejengwa kwa namna ambayo paka hawezi kuupanda, kicheche hawezi kuchimba chini yake, na panya mkubwa hawezi kupenya. Mwaka 2005 tuatara 70 waliletwa kutoka Takapourewa kwa ridhaa ya Ngāti Koata, walinzi wa jadi wa kisiwa hicho, na wengine 130 walifuata mwaka 2007. Machi 2009 mfanyakazi mmoja alipokuwa akishughulikia uzio alimkuta tuatara mdogo sana, aliyeanguliwa humohumo porini. Ilihesabiwa kuwa ni zaidi ya miaka 200 tangu jambo hilo litokee bara. Januari ya mwaka huohuo, katika makumbusho ya Invercargill, tuatara aitwaye Henry, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 111, alipata watoto 11 kwa mpigo. Magazeti ya dunia yalimcheka babu huyo kwa furaha. Lakini habari ya Henry ndiyo habari ya visiwa vyote: mzee hakuwa tatizo.

Tangu mwaka 2016 Nyuzilandi ina mpango wa taifa wa kuondoa panya, vicheche na wanyama wengine waharibifu walioletwa, ifikapo 2050. Kama utafaulu au la, historia ya tuatara imeacha somo moja kuhusu namna ya kuhesabu. Wamaori walilijua hata nje ya elimu ya wanyama. Walipoona Kimaori kinasemwa na wazee na watoto hawakijui, mwaka 1982 walianzisha shule za awali ambamo bibi na babu hukaa na watoto wadogo wakizungumza Kimaori tu. Waliziita kōhanga reo, yaani kiota cha lugha. Hawakujifariji kwa idadi ya wasemaji waliobaki. Waliuliza swali lilelile ambalo Crook aliliuliza visiwani kwa taa mkononi, na ambalo sisi wa chama hiki, tulio mbali na nyumbani, si vibaya tukiulizana kila tunapohesabiana mikutanoni: wadogo wako wapi?