Kuchukiwa, Kudharauliwa, Kupuuzwa

Katika tahakiki nyingi zinazohusu fasihi ya ukoloni kuna sentensi isiyokosekana: mkoloni alimchukia Mwafrika. Makala haya yanapinga neno hilo. Nadai kuwa historia yetu inataka neno jingine, na tofauti yenyewe si ndogo.

Hebu tupime. Anayenichukia ananihesabu, pengine hata ananiogopa. Anayenidharau ananiona pia, ila ananitazama kutoka juu. Anayenipuuza hanioni kabisa. Niseme nisiseme, kwake ni mamoja.

Sisi wa Mkuza, Kibaha, tumekaa mpakani mwa pwani na bara, na maneno haya tunayajua. Karne ya 19, wakati misafara ikitoka Bagamoyo kwenda bara, waliojiita waungwana waliwaita watu wa bara "washenzi". Je, waliwachukia? Walifanya nao biashara, wakaoana nao, na wengi wa waungwana hao walikuwa wenyewe wametoka bara! Hiyo ilikuwa dharau, yaani ngazi: kila aliyepanda alitafuta wa kumtazama chini. Walowezi wa Kenya wakalidaka neno hilo, wakalikata likawa "shenzi", wakaliita hata mbwa koko. Na leo mtu wa Mkuza, kilometa 40 hivi tu kutoka Dar es Salaam, akifika mjini huitwa "mshamba". Ngazi ni ileile.

Azimio la Arusha la 1967 lilipima maneno vizuri zaidi. Likieleza unyonge wetu, lilitumia vitenzi vitatu: kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa. Kuchukiwa hakumo. Kwa maoni yangu, sababu ni hii: waliochukiana wanaweza kupatanishwa, lakini utapatanaje na mtu asiyekuona? Inabidi kwanza usimame kwa miguu yako mwenyewe. Ndiyo maana hoja ya kupuuzwa ikaenda sambamba na hoja ya kujitegemea.

Basi, jamani, mhakiki akikutana na tajiri wa riwayani anayemwacha mtumishi wake amesimama mlangoni huku yeye anasoma gazeti, asikimbilie kuandika "chuki". Akikosea neno atakosea na uhusiano wa kitabaka uliomo, kisha atahubiri upendo na maridhiano mahali ambapo mtumishi anadai haki yake.