Maaskofu na Wanasiasa wa Marekani: Nani Alilinukuu Sawa Fundisho la Kanisa?

Wazee wetu walisema kwamba mjumbe hauawi. Maana yake ni kuwa mtu aliyetumwa hana hatia kwa maneno aliyopewa kuyapeleka, yawe matamu au machungu. Lakini heshima hiyo ina sharti lake: mjumbe ayafikishe maneno kama alivyoyapokea. Akiongeza au akipunguza, amekwisha kuwa msemaji wa nafsi yake, na wenye maneno wana haki ya kumrudi.

Katika insha hii tutatazama mambo yaliyotokea Marekani mwaka wa 1984 na tena mwaka wa 2008, wakati maaskofu wa Kanisa Katoliki waliposimama hadharani kuwasahihisha wanasiasa Wakatoliki waliokuwa wakieleza fundisho la Kanisa juu ya kutoa mimba. Si kusudi letu kuamua sheria ya nchi juu ya jambo hilo iweje. Watu wengi wenye akili na nia njema wamehitilafiana katika hilo. Kusudi letu ni dogo zaidi, lakini lamfaa sana mwanafunzi wa historia: ni kujua jinsi ya kupambanua neno lililofundishwa kweli na neno linalosemwa tu kwamba lilifundishwa.

Kwanza yafaa tujue sababu ya ubishi huo kuwa mkali. Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iitwayo Roe v. Wade, kwamba katiba ya nchi ile yalinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Hukumu hiyo ilidumu miaka 49, hata tarehe 24 Juni 2022 mahakama ile ile ilipoitangua na kurudisha jambo hilo mikononi mwa majimbo. Katika muda huo wote mwanasiasa Mkatoliki aliyetaka kura alijikuta kati ya mawe mawili. Kanisa lake lilishutumu kutoa mimba. Na kama alikuwa wa chama cha Demokrasia, wengi wa wenziwe chamani waliitetea hukumu ya mahakama. Kila alipohojiwa, aliulizwa imani yake ni ipi na siasa yake ni ipi. Mtu aliyebanwa hivyo huona vyepesi kuilegeza imani kidogo ili ikae karibu na siasa.

Mwezi wa Julai 1984 chama cha Demokrasia kilimteua Geraldine Ferraro, mbunge kutoka New York, agombee cheo cha makamu wa rais. Hata wakati huo hapakuwa na mwanamke aliyewahi kuteuliwa kwa cheo hicho na chama kimoja cha vile vikubwa viwili. Miaka miwili kabla yake alikuwa ametia sahihi barua kwa wabunge wenziwe Wakatoliki, iliyoeleza kuwa msimamo wa Kikatoliki juu ya kutoa mimba si mmoja. Mwezi wa Septemba Askofu Mkuu wa New York, John O'Connor, alisema waziwazi kwamba mama huyo amesema juu ya fundisho la Kanisa mambo yasiyo kweli. Ferraro alijibu kuwa alichokusudia ni kwamba wako Wakatoliki wengi wasioafiki fundisho hilo.

Msomaji na atue hapa kidogo. Maneno mawili yanayofanana sana yamechanganywa. Kusema "Wakatoliki hawana mawazo mamoja" ni habari ya watu, na habari hiyo ilikuwa kweli. Kusema "fundisho la Kanisa si moja" ni habari ya Kanisa lenyewe, nayo yahitaji ushahidi wa namna nyingine. Shule yaweza kuwa na kanuni moja tu juu ya saa ya kulala, na wanafunzi wakawa na maoni kumi juu ya kanuni hiyo. Wingi wa maoni hauifanyi kanuni kuwa kumi.

Miaka 24 ikapita, na ubishi ukazuka tena. Jumapili tarehe 24 Agosti 2008 Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, alihojiwa katika televisheni. Aliulizwa uhai wa mtu huanza lini. Alijibu kuwa yeye ni Mkatoliki mwenye bidii na amelichunguza jambo hilo kwa muda mrefu. Kwamba kwa karne nyingi walimu wakuu wa Kanisa hawakuweza kuuweka wazi mwanzo huo. Akamtaja na Mtakatifu Agostino. Alipokumbushwa kuwa Kanisa lafundisha kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, alisema kuwa hilo ni jambo la miaka kama 50 hivi.

Majibu hayakuchelewa. Mkutano mkuu wa chama cha Demokrasia ulikuwa ukianza kesho yake mjini Denver, na Askofu Mkuu wa mji huo, Charles Chaput, alitoa barua ya kumpinga. Siku zile zile Kadinali Justin Rigali wa Philadelphia na Askofu William Lori wa Bridgeport walitoa tamko kwa niaba ya kamati mbili za Baraza la Maaskofu, moja ya kutetea uhai na moja ya mafundisho ya imani. Walisema kwamba tangu karne ya kwanza Kanisa limekuhesabu kutoa mimba kuwa uovu. Wakakiri kuwa katika Zama za Kati wanateolojia wengine, kwa uhaba wa elimu ya viumbe ya siku zile, walidhani kwamba roho huingia baada ya majuma kadhaa, na kwamba dhana hiyo ilileta tofauti ya adhabu katika sheria za Kanisa. Hata hivyo, walisema, Kanisa halikuruhusu kutoa mimba wakati wo wote.

Basi, ni nani aliyesema kweli? Mwanafunzi wa historia hamwamini mtu kwa sababu ya kofia yake, iwe ya uaskofu au ya uspika. Hufungua vitabu vya kale akasoma.

Kijitabu cha Kigiriki kiitwacho Didache, yaani Mafundisho, ni miongoni mwa maandiko ya Kikristo ya kale kabisa nje ya Biblia, nacho chakataza kutoa mimba kwa maneno ya wazi. Mwandishi Tertullian wa Carthage, karibu na Tunis ya leo, mwishoni mwa karne ya pili alikuhesabu kuzuia mtoto asizaliwe kuwa ni kuharakisha uuaji. Mwaka wa 314 maaskofu waliokutana Ancyra, ambayo leo ni Ankara ya Uturuki, waliweka kitubio cha miaka 10 kwa kosa hilo; nao walisema wanapunguza adhabu, kwani kanuni iliyotangulia ilimtenga mkosaji hata kufa kwake.

Tunamfikia sasa Agostino mwenyewe. Alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, aliyezaliwa mwaka wa 354 na kufa mwaka wa 430 akiwa askofu wa Hippo, mji ulio katika Algeria ya leo. Alipoeleza mlango wa 21 wa kitabu cha Kutoka, unaotaja wanaume wanaopigana wakamdhuru mwanamke mwenye mimba, alifuata tafsiri iliyopambanua mimba iliyokwisha kuumbika na isiyoumbika bado. Aliona kuwa ile isiyoumbika haikuweza kuhesabiwa kuwa uuaji, kwa kuwa haikujulikana kama imo roho hai ndani ya mwili usio na hisia. Mahali pengine alikiri kwamba hajui ni lini hasa mtu huanza kuishi tumboni. Hapo Pelosi alikuwa na punje ya ukweli mkononi mwake. Lakini Agostino huyo huyo, alipoandika juu ya ndoa, aliwashutumu vikali wanaoharibu mimba, iwe imekwisha kupata uhai au bado. Alikuwa na shaka juu ya saa ya roho kuingia. Hakuwa na shaka juu ya ubaya wa tendo.

Hali ni hiyo hiyo kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka wa 1274. Yeye alimfuata Aristotle, Mgiriki wa kale, aliyefikiri kwamba mtoto wa kiume huumbika kwa siku kama 40 na wa kike kwa siku kama 90. Kwa hiyo Thomas hakukuita kutoa mimba changa uuaji wa mtu. Lakini alikuita dhambi nzito, kinyume cha maumbile.

Adhabu nazo zilipanda na kushuka. Mwaka wa 1588 Papa Sixtus wa Tano aliamuru kwamba kila anayetoa mimba, ya umri wo wote, apatwe na adhabu za mwuaji. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka wa 1591, Papa Gregory wa Kumi na Nne aliilegeza amri hiyo, akaziweka adhabu kali kwa mimba iliyokwisha kupata roho. Mwaka wa 1827 mtaalamu Karl Ernst von Baer alilitambua yai la mnyama anyonyeshaye, na elimu ya Aristotle juu ya mwanzo wa mimba ikazidi kupungua nguvu. Mwaka wa 1869 Papa Pius wa Tisa aliiondoa ile tofauti ya mimba yenye roho na isiyo na roho katika adhabu ya kutengwa na Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilirudia katazo mwaka wa 1965, na Papa Yohane Paulo wa Pili akalitia mkazo katika waraka wake wa mwaka wa 1995.

Twaona, basi, kwamba maswali yalikuwa matatu, si moja. La kwanza: roho huingia lini? Hapa wanateolojia walihitilafiana kweli. La pili: adhabu iwe kiasi gani? Hapa sheria ilibadilika zaidi ya mara moja. La tatu: je, tendo lenyewe ni halali? Hapa jibu la Kanisa lilikuwa moja tangu Didache, na maaskofu walilinukuu sawa. Kosa la Pelosi lilikuwa kuchukua shaka ya swali la kwanza na kuipeleka katika swali la tatu; na ile miaka 50 haikukubaliana na maandishi. Lakini na anayedai kwamba hakuna kitu kilichopata kubadilika, naye pia hakosi kusahihishwa. Maaskofu wenyewe hawakudai hivyo.

Tarehe 7 Septemba 2008 Seneta Joe Biden, mgombea wa cheo cha makamu wa rais, aliulizwa swali lile lile katika televisheni. Alisema yeye yu tayari kulikubali fundisho la Kanisa lake, ila ni imani yake ya binafsi, na si haki kuwalazimisha nayo watu wa imani nyingine. Siku mbili baadaye Rigali na Lori walimjibu pia: mwanzo wa uhai ni jambo linaloelezwa na elimu ya viumbe, na kumlinda kila mtu ni jambo la haki kwa wote, wala si siri ya moyo wa muumini.

Ubishi huu wa pili ulikuwa wa namna nyingine, na mwanafunzi asiuchanganye na ule wa kwanza. Njia ya Biden ilikuwa imekwisha kuelezwa kwa kirefu na Gavana Mario Cuomo wa New York, tarehe 13 Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Cuomo alisema kwamba yeye na mkewe walilipokea fundisho la maaskofu. Swali lake lilikuwa kama busara yataka fundisho hilo liwe sheria katika nchi ya watu wa dini nyingi. Aliwakumbusha wasikilizaji kuwa hata maaskofu wa Marekani wa karne ya 19 walikaa kimya juu ya kukomesha utumwa. Wengi hawakukubaliana naye, na maaskofu wengine walimpinga. Lakini katika kupinga kwao hawakuhitaji kwanza kumfundisha maneno yao wenyewe. Alikuwa amelinukuu fundisho kama lilivyo, kisha akasimamisha hoja yake kando yake, kila mtu aione na kuipima.

Mwisho wa kisa hiki ulikuwa wa kufikirisha. Tarehe 18 Februari 2009 Pelosi alikutana na Papa Benedikto wa Kumi na Sita huko Vatikano. Taarifa ya Vatikano ilisema kwamba Papa alizungumza juu ya wajibu wa Wakatoliki wote, na hasa watunga sheria, wa kulinda uhai wa binadamu katika kila hatua yake. Taarifa ya Pelosi ilisifu juhudi za Kanisa za kupigana na umaskini, njaa na kuongezeka kwa joto la dunia. Mkutano ulikuwa mmoja, na taarifa zikawa mbili. Mtu aliyesoma moja peke yake hakujua nusu ya yaliyopita.

Wewe msomaji utasikia maisha yako yote watu wakisema, "Dini yasema," "Katiba yasema," "Wazee walisema." Wengine watasema hivyo kwa kweli, wengine kwa kusahau, na wengine kwa kuwa kura zi karibu. Usiwaite waongo upesi, wala usiwaamini upesi. Uliza: maneno haya yameandikwa wapi? Je, huyu asema waliyofundisha wenyewe, au wanayodhani wafuasi wao? Na je, aligeuza swali moja likawa jingine? Ukisha kujibiwa, una uhuru wa kukubali au kukataa. Kulikataa neno la mtu ni haki yako. Kumbadilishia neno lake si haki ya mtu ye yote.