Mdororo wa uchumi unavyovitikisa vituo vya kifahari vya michezo ya theluji

Mwaka 1936, Marekani ikiwa bado imelemewa na Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza 1929, kampuni ya reli ya Union Pacific ilifungua hoteli ya kifahari katika bonde la mbali la jimbo la Idaho. Mwenyekiti wa kampuni hiyo, Averell Harriman, alikuwa akitafuta abiria wa kujaza mabehewa yake. Alikata shauri kuwapa matajiri sababu ya kusafiri wakati wa baridi, na mahali hapo pakaitwa Sun Valley. Mhandisi James Curran alibuni viti vya kuning'inia kwenye kebo ili kuwapandisha wageni mlimani, wazo alilolitoa kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Hivyo ndivyo vilivyokuwa viti vya kwanza vya aina hiyo duniani.

Kisa hicho hutajwa sana kila uchumi unapoyumba, eti kwa kuwa kinathibitisha kwamba starehe za matajiri haziguswi na dhiki ya wengine. Ukweli una pande zaidi ya moja. Yaliyotokea baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 yanaonyesha kwamba mteja tajiri huendelea kuja mlimani, ila namna anavyotumia fedha zake hubadilika. Kinachoporomoka hasa ni madeni yaliyojengwa juu ya nyumba zilizo chini ya mlima.

Msomaji wa Kenya aliyeufahamu mchezo huu kupitia Philip Boit, aliyeiwakilisha nchi katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, atakumbuka mtu akikokota skii zake kwenye uwanda kwa jasho. Vituo vinavyozungumziwa hapa ni vya kuteremka milimani: Aspen na Vail katika jimbo la Colorado, Whistler nchini Kanada, Courchevel nchini Ufaransa, St. Moritz nchini Uswisi. Kila kimoja kina biashara mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni mlima wenyewe, yaani tikiti, mafunzo, hoteli na mikahawa. Ya pili ni nyumba na ardhi.

Biashara ya kwanza ina gharama zisizopungua. Viti vya kebo lazima vikaguliwe, mashine za kutengeneza theluji ziwashwe na njia zisawazishwe usiku kucha, wawe wamekuja wageni mia moja au elfu kumi. Gharama nyingi hulipwa kabla mteja wa kwanza hajafika. Kwa sababu hiyo wengi walitarajia kwamba benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008, wiki chache kabla ya msimu kuanza, milima ingebaki mitupu.

Haikuwa hivyo. Nchini Marekani wahusika hupima biashara kwa kuhesabu ziara, yaani mtu mmoja akiteleza siku moja. Msimu wa 2007/08 ulikuwa na ziara milioni 60.5, rekodi wakati huo. Msimu uliofuata, uchumi ukiwa hoi, zilishuka hadi milioni 57.4, upungufu wa takriban asilimia tano. Mwaka mmoja baadaye zilipanda hadi milioni 59.8, na kufikia 2010/11 pengo lote lilikuwa limezibwa. Kisha ukaja msimu wa 2011/12, theluji ikawa haba, na hesabu ikaporomoka hadi milioni 51. Kwa kipimo hicho, mbingu ziliwatia hasara kubwa wenye milima kuliko mabenki.

Hata hivyo, hesabu ya ziara huficha mengi. Mgeni aliyekaa wiki nzima alikaa siku nne. Aliyezoea kulipia chumba miezi sita mapema alingoja hadi siku za mwisho akijua bei itashushwa. Aliyekuwa akimkodi mwalimu binafsi kwa watoto wake aliwaacha wateleze wenyewe, na chakula cha jioni kikapikwa nyumbani badala ya mkahawani. Katika vituo vya kifahari sehemu kubwa ya faida hutoka kwenye huduma hizo za ziada, kwa hiyo mapato yalishuka kwa kasi kuliko idadi ya watu.

Palikuwa pia na suala la aibu. Septemba 2008 serikali ya Marekani iliiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85. Siku chache baadaye, kampuni yake tanzu ikawapeleka mawakala katika hoteli ya kifahari ya ufuoni California kwa gharama ya zaidi ya dola 440,000. Bunge lilighadhabika, magazeti yakachachamaa, na kampuni nyingi zikafuta mikutano yao mahali popote palipokuwa na sura ya anasa. Hoteli za milimani, ambazo hutegemea mikutano kujaza vyumba wakati wa wiki, ziliumia bila kosa lolote.

Maafa makubwa yalikuwa kwenye biashara ya pili. Sehemu kubwa ya mlima wa Vail ni ardhi ya umma, inayotumiwa kwa kibali cha idara ya misitu ya serikali kuu. Huwezi kuiuza vipande vipande. Lakini bonde lililo chini yake huuzwa, na hapo ndipo utajiri ulipo. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni ya Intrawest ya Kanada iliusambaza mtindo wa kujenga kijiji kizima chini ya mlima: maduka, hoteli na nyumba za likizo zilizouzwa kabla matofali hayajapangwa. Viti vya kebo vikawa chambo cha kuvutia wanunuzi wa nyumba. Mtindo huo hufanya kazi vizuri maadamu bei za nyumba zinapanda na benki zinakopesha.

Benki ya Credit Suisse ilikopesha kwa ukarimu wa ajabu. Iliwapa wamiliki wa vituo kadhaa mikopo mikubwa iliyotegemea thamani ya viwanja ambavyo bado havikuwa vimeuzwa, ikachukua ada yake, kisha ikaiuza mikopo hiyo kwa wawekezaji wengine. Mwaka 2005 iliukopesha Yellowstone Club, ulio katika jimbo la Montana, dola milioni 375. Huu ni mlima wa kibinafsi wenye lango na walinzi, ambapo hata theluji ni ya wanachama pekee. Sehemu kubwa ya fedha hizo, dola milioni 209, haikutumika klabuni bali ilihamishiwa kampuni nyingine ya mwanzilishi wake, Tim Blixseth. Novemba 2008 klabu iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mwaka 2009 jaji aliyesikiliza kesi aliukosoa mkopo huo kwa maneno makali, na klabu ikanunuliwa na kampuni ya CrossHarbor kwa dola milioni 115. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa karibu kuinunua kwa zaidi ya dola milioni 400 kabla uchumi haujaharibika. Credit Suisse yenyewe ilimezwa na mshindani wake UBS mwaka 2023, kwa makosa mengine.

Klabu hiyo angalau iliendelea kufunguliwa. Kituo cha Tamarack, huko Idaho, hakikuwa na bahati hiyo. Kilizinduliwa Desemba 2004 kwa mbwembwe, na Rais George W. Bush akakizuru mwaka uliofuata. Andre Agassi na Steffi Graf, mabingwa wa tenisi, walitaka kujenga hoteli hapo kisha wakajiondoa. Mkopo wa dola milioni 250 kutoka benki ile ile uliposhindikana kulipwa, kituo kikawekwa chini ya mrasimu, na Machi 2009 viti vya kebo vikasimama. Majengo ya kijiji yaliachwa nusu, yamefunikwa maturubai meupe yaliyopigwa na upepo kwa miaka. Mkopeshaji mwingine alikuja kung'oa seti moja ya viti vya kebo. Waliokuwa wamenunua nyumba walijikuta na makao ya fahari kando ya mlima uliofungwa, wakaamua kuuendesha wenyewe kuanzia Desemba 2010. Wamiliki wapya walipatikana mwaka 2018.

Kilele cha fedheha kilikuwa Whistler. Kampuni ya Fortress iliinunua Intrawest mwaka 2006 kwa fedha nyingi za kukopa, na ikashindwa kulipa wadai. Januari 2010 wadai walitangaza mnada wa mali za kampuni ufanyike tarehe 19 Februari. Tarehe hiyo ilikuwa katikati ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Vancouver, ambayo mashindano yake ya kuteremka yalifanyika kwenye mlima huo huo. Mnada uliahirishwa na madeni yakapangwa upya, lakini kabla mwaka haujaisha hisa za Whistler zilikuwa zikiuzwa Toronto ili kupata fedha.

Na wafanyakazi? Yeyote aliyeona hoteli za Pwani ya Kenya mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, anajua jibu: likizo bila malipo, saa chache, mkataba usiorefushwa. Milimani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 2009 kampuni ya Vail Resorts ilipunguza mishahara ya wote. Wafanyakazi wa msimu walikatwa asilimia 2.5, wakubwa asilimia 10, na mkuu wa kampuni Rob Katz akaacha mshahara wake wote kwa miezi 12. Ni haki kusema kwamba mkuu alibeba zaidi kwa asilimia. Ni haki pia kusema kwamba anayelipwa kwa saa, anayesafiri kutoka Leadville alfajiri kwenda kutandika vitanda Vail, huihisi asilimia 2.5 kwa uchungu zaidi.

Aspen ina mkasa wake. Mji huo hutoza kodi ya asilimia moja kila nyumba inapouzwa, na fedha hizo hujenga makazi ya bei nafuu kwa walimu, wapishi, madereva na wengine wasioweza kununua nyumba za mamilioni. Utaratibu huo ni wa busara, lakini una kasoro: mauzo yanapokauka, mfuko wa makazi hukauka nao, na ni wakati huo huo ambapo wafanyakazi wanauhitaji zaidi. Mji wenyewe hauwezi kudai kwamba hakuujua mdororo. Aspen ilikuwa mji wa machimbo ya fedha, yale madini, hadi bei yake ilipoanguka mwaka 1893 na watu wakatawanyika. Mfanyabiashara wa Chicago, Walter Paepcke, aliufufua kwa michezo ya theluji baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Waliofaidika ni wenye fedha taslimu. Machi 2008, mdororo ukiwa tayari umeanza, Vail Resorts ilitangaza tikiti ya msimu mzima kwa dola 579, thamani ya tikiti za siku chache tu. Wengi waliona ni kujitupia mali. Lakini tikiti hiyo hulipiwa kabla ya msimu, kwa hiyo kampuni hushika fedha hata theluji isiponyesha au soko la hisa likizama. Kwa mapato hayo ya uhakika ilivinunua vituo vingi, na mwaka 2016 ikainunua Whistler yenyewe kwa takriban dola bilioni 1.4 za Kanada. Mabaki ya Intrawest yaliingia katika kampuni mpya, Alterra, ambayo mwaka 2018 ilianzisha tikiti yake ya kushindana. Mteja asiyenunua mapema ndiye hulipia ushindani huo: tikiti ya siku moja Vail imepita dola 300.

Barani Ulaya pigo huja mara nyingi kupitia sarafu. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuzuia faranga isipande, na katika siku moja likizo ya Mjerumani ikawa ghali kupindukia huku msimu ukiwa umepamba moto. Wakati huo huo sarafu ya Urusi ilikuwa imeanguka, na Courchevel ikakosa wengi wa wageni wake wa Krismasi ya Kiothodoksi. Vikwazo vya 2022 viliwapunguza zaidi.

Janga la Covid-19 lilienda kinyume cha matarajio. Vituo vilifungwa ghafla Machi 2020, lakini watu wenye kazi za kufanyia popote walihamia milimani, na bei za nyumba Aspen na Vail zikapaa. Msimu wa 2022/23 ulivunja rekodi kwa ziara milioni 65.4. Nyumba zilizokuwa zikipangishwa kwa wafanyakazi ziliuzwa, na vituo vikakosa watu wa kuviendesha. Vail Resorts ilipandisha kima cha chini cha malipo hadi dola 20 kwa saa mwaka 2022. Mwishoni mwa Desemba 2024, wiki yenye wageni wengi kuliko zote, walinzi wa usalama wa mlima wa Park City, Utah, waligoma wakidai nyongeza ya dola mbili kwa saa. Sehemu kubwa ya mlima ilibaki imefungwa kwa karibu wiki mbili, hadi kampuni ilipokubali.