Beringi, Gololi na Sindano

Katika kazi ya istilahi, yafaa historia ya kitu itangulie uteuzi wa jina lake. Tuchukue mfano wa beringi za shokapu ya nyuma ya pikipiki.

Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya ekseli ya gari la farasi iliyozunguka juu ya gololi za chuma. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Paris alipata hataza ya gololi za baiskeli, na mwaka huo huo James Moore alishinda mashindano ya Paris hadi Rouen kwa baiskeli ya namna hiyo. Kwa baiskeli, basi, neno gololi lilitosha.

Pikipiki ilileta jambo jipya. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la sentimita za ujazo 250, kwa Yamaha yenye shokapu moja nyuma badala ya mbili. Katika miaka ya 1980 watengenezaji kadhaa waliiunganisha shokapu hiyo na mkono wa gurudumu kwa vipande vya chuma vyenye maungio. Maungio hayo hayazunguki mzunguko mzima. Huyumba kidogo tu, huku yakibeba mzigo mkubwa katika nafasi finyu. Kwa hiyo mengi hutumia vijiti vyembamba vilivyopangwa sambamba, ambavyo hugusa chuma kwa mstari, si kwa nukta kama gololi.

Hapo ndipo mfasiri hujikwaa. Akiandika “gololi”, mtu anayetengeneza pikipiki yake nyumbani atanunua kitu kisichoingia mahali pake. Akiandika “pachika beringi” na kunyamaza, mtu huyo atashika nyundo. Ganda jembamba litapinda, na vijiti vitakwama. Neno linalofaa ni “vuta”: kwa bolti ndefu, nati na washa, ganda huingia taratibu likiwa limenyooka, kisha hutiwa grisi.

Twapendekeza beringi liwe jina la jumla, na chini yake ziwepo beringi ya gololi na beringi ya sindano. Istilahi hizi hazina fahari yoyote, lakini zaonyesha umbo la kitu. Msomaji aliyepiga magoti kando ya pikipiki yake, spana mkononi, hahitaji zaidi ya hayo. Wala hastahili kupewa pungufu.