Vitelezi vya sauti: Jinsi ya kupata muziki mtamu bila kupoteza usikivu

WAPENZI wengi wa muziki katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hujiundia mitambo yao kwa vipande: amplifaya kuukuu kutoka maduka ya Luthuli Avenue, spika zilizong'olewa kwenye gari, na sanduku la plaiwudi lililoundwa na seremala wa kando ya Ngong Road. Mtambo ukishaunganishwa na stima, mkono wa mwenyewe huenda moja kwa moja kwenye vitelezi vya kusawazisha sauti. Besi husukumwa juu, sauti nyembamba husukumwa juu, na zile za katikati huachwa chini, hata safu ya vitelezi ikafanana na mdomo unaotabasamu.

Mpangilio huo unapendwa sana, lakini una gharama yake kwa spika na kwa sikio pia.

Kisawazishi cha sauti hakikubuniwa ili kuongeza utamu. Asili yake ni simu. Waya mrefu wa simu hupoteza baadhi ya sauti njiani, hasa zile nyembamba, na wahandisi walihitaji kifaa cha kurudisha kilichopotea ili sauti iliyofika iwe sawa na iliyotumwa. Jina lake lilitokana na kazi hiyo, na kazi yenyewe haijabadilika: kurekebisha kasoro ya waya, ya spika au ya chumba. Anayekitumia kama chumvi ya kunyunyizwa kwenye kila sahani atajikuta akizidisha kila siku.

Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti za mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kisawazishi cha vitelezi 10 huyagawa masafa hayo kuanzia 31, 62, 125 na kuendelea hadi 16,000, kila kitelezi kikisimamia maradufu ya kilichotangulia. Rununu nyingi za Android zina vitelezi vitano tu: 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Uzito wa ngoma na wa gitaa la besi uko chini ya 250. Irabu za msemaji ziko katikati, na konsonanti kali kama s, f na t ziko juu zaidi, kuanzia 2,000 na kupanda.

Kuyajua hayo kunaokoa jitihada. Redio za FM, kwa mfano, hazirushi sauti za mitetemo inayozidi 15,000. Msikilizaji wa Pamoja FM, kituo cha jamii kilichoanzishwa Kibera mwaka wa 2007, anaposukuma kitelezi cha 16,000 hadi juu kabisa haongezi lolote katika muziki. Anachokuza ni mchakacho wa mtambo wake mwenyewe.

Chumba nacho kina sauti yake. Katika nyumba ya futi 10 kwa 10, ambayo ni ya kawaida katika mitaa hii, umbali wa mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta huyakuza mawimbi ya mitetemo ipatayo 56 kwa sekunde. Kwa kuwa pande zote mbili zina urefu sawa, zote hukuza sauti ile ile moja. Anayeketi kitandani akiegemea ukuta husikia besi ikinguruma, ilhali aliyesimama katikati ya chumba hulalamika kwamba besi haipo. Wote wawili wanasema kweli. Hali hii ni kali zaidi katika nyumba ya mawe. Ukuta wa mabati huipitisha besi nje, ikamfikia jirani, naye mwenye mtambo, akidhani imepungua, huiongeza.

Hakuna kitelezi kinachoweza kuwaridhisha wote wawili. Dawa ya kwanza ni kuiondoa spika kwenye pembe ya chumba, maana pembe huiongezea besi, na kuning'iniza blanketi au pazia zito mkabala nayo ili kupunguza mwangwi wa sauti nyembamba unaorukaruka kati ya mabati. Baada ya hapo ndipo kitelezi cha 62 hushushwa kidogo, desibeli tatu au nne, huku ukisikilizwa wimbo unaofahamika vyema.

Neno muhimu hapo ni kushusha. Sauti ya mwimbaji ikisikika kana kwamba iko ndani ya pipa, wengi hukimbilia kuinua 4,000. Mara nyingi kosa liko kwenye 250, na ukipunguza hapo maneno hujitokeza yenyewe bila kelele kuongezeka. Kisha mpangilio mpya ulinganishwe na ule wa vitelezi vikiwa sawa, nguvu ya sauti ikiwa ile ile katika pande zote mbili. Sharti hili hupuuzwa sana, ilhali sikio la binadamu lina udhaifu wa kuiona sauti kubwa kuwa ndiyo bora.

Kuinua kuna hesabu yake pia. Kila desibeli tatu zinazoongezwa huitaka amplifaya itoe nguvu maradufu. Desibeli 10 huitaka mara 10. Kifaa kilichokuwa kikitoa wati 20 za besi sasa kinaombwa wati 200 ambazo hakina. Kinachotoka ni mawimbi yaliyokatwa vichwa, yaliyojaa ukali usiokuwemo katika wimbo, na ukali huo huishia kwenye spika ndogo ya sauti nyembamba ukaiunguza. Spika huweza kubadilishwa. Seli za usikivu haziwezi.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mtetemo kuwa ishara ya neva. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Kelele kwa kawaida huanza kudhuru zile zinazopokea mitetemo kati ya 3,000 na 6,000, hasa karibu na 4,000, ambako konsonanti husikika. Mtu huyo hajihesabu kuwa kiziwi, kwa kuwa anasikia kwamba ameitwa. Shida yake ni kutenganisha "saa" na "taa", au "faa" na "kaa", hasa penye watu wengi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Aliyepungukiwa na usikivu kwenye 4,000 huona muziki umefifia, akainua kitelezi cha 4,000, akaliongezea sikio kipigo mahali pale pale lilipoumia. Jambo hilo hutokea hata katika jioni moja. Baada ya saa mbili za sauti kubwa sikio huchoka, kila kitu kikasikika kizito, na mkono ukarudi kwenye kitelezi. Mpangilio uliofanywa saa nne usiku husikika asubuhi kama misumari inayokwaruza bati. Anayetaka kusawazisha kwa haki na afanye hivyo sikio likiwa limepumzika, sauti ikiwa ya wastani.

Wengine husema sauti ndogo haina ladha. Hawakosei. Mwaka wa 1933, Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sikio huzisikia besi hafifu zaidi sauti inapokuwa ndogo. Hivyo anayesikiliza kwa sauti ya chini ana ruhusa ya kuinua besi kidogo, mradi airudishe anapoongeza sauti yote. Huenda hii ndiyo faida kubwa ya kisawazishi kwa afya: muziki mdogo unaoshibisha.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, walitoa kiwango mwaka wa 2019: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa watoto. Kila desibeli tatu zikiongezwa, muda hupungua kwa nusu. Kwenye 89 mtu mzima amebakiwa na saa tano za wiki nzima; kwenye 98 hazifiki dakika 40. Asiye na kipimo aweza kutumia koo lake: akilazimika kupaza sauti ili asikike na aliye umbali wa mkono mmoja, kelele hiyo imefikia takriban 85 au imepita.

Abiria wa matatu za nambari 46 za Kawangware wana tatizo la ziada. Mngurumo wa injini na muziki wa gari huwafanya wainue sauti ya rununu ili ishinde kelele hizo. Vipokea sauti vinavyoziba tundu la sikio husaidia, kwa kuwa huzuia kelele za nje na muziki ukatosha ukiwa chini. Lakini vivyo hivyo huzuia honi. Watu wengi hutembea kando ya reli inayopita Kibera, na huko vipokea sauti vinafaa kukaa mfukoni.

Mafundi wanaojaribu spika kutwa nzima wamo hatarini zaidi kuliko wateja wao. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, ingawa taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, ilikuwa imependekeza 85 tangu mwaka wa 1972. Pamba ya kawaida karibu haizuii chochote. Vizibo vya sifongo hufaa vikisokotwa vikawa vyembamba, sikio likavutwa juu na nyuma, kisha vikashikiliwa hadi vifure.

Jirani naye ana haki. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, chini ya mamlaka ya mazingira NEMA, ziliweka desibeli 55 mchana katika maeneo yenye makazi na biashara pamoja, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika nyumba zinazoegemeana bati kwa bati, 35 ni kama mnong'ono, na besi ndiyo ya kwanza kuvunja kiwango hicho. Baada ya saa mbili, kitelezi cha 62 na kile cha 31 vishushwe hadi chini.

Mlio masikioni au uzito wa kusikia baada ya sherehe ni dalili ya jeraha, hata ukitoweka kufikia asubuhi. Ukikawia zaidi ya siku moja au mbili, au sikio moja likififia ghafla, mgonjwa anapaswa kumwona daktari wa masikio bila kungoja. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, isiyo mbali na Kibera, ina idara hiyo. Usikivu unaopotea ghafla huenda ukarejeshwa na dawa zikianzishwa mapema, na kila siku inayopita hupunguza nafasi hiyo.